Wananitaka niwe sura ya bango, lakini faili linasema mteja apewe daktari mwingine

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 43, ni Mtanzania, na ni daktari wa wanyama hapa Columbus, Ohio, Marekani. Naomba usitaje jina langu wala hospitali ninakofanya kazi.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo. Kwetu ni Mpwapwa, lakini kwa miaka kadhaa alihamishiwa Kiteto, nami nilikuwa namfuata likizo zote. Kazi yangu ilikuwa kumshikia kasha la chanjo na kuhesabu kupe kwenye masikio ya ndama. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, niliijua kwa macho kabla sijaisoma darasani. Baadaye nilisoma Sokoine, Morogoro, nikahitimu udaktari wa mifugo.

Mwaka 2010 nilimfuata mume wangu huku, na shahada yangu ikawa karatasi tu. Nilifua mablanketi ya mbwa na kusafisha vizimba kwa miaka minne huku nikijiandaa kwa mitihani ya wahitimu wa nje. Ule wa vitendo ni wa siku tatu: farasi, ng'ombe, upasuaji, eksirei, dawa za usingizi, mpaka kupasua mzoga. Sehemu ya usingizi nilifeli mara ya kwanza kwa sababu mashine nilizozikuta sikuwahi kuzigusa. Nikarudia, nikafaulu. Sasa nina miaka saba katika hospitali hii. Madaktari tuko tisa, mweusi ni mimi peke yangu.

Mwezi uliopita meneja aliniita. Kampuni inayomiliki hospitali yetu inaunda kamati ya kuwavutia vijana wa rangi na asili mbalimbali waingie katika taaluma yetu. Wanataka niiongoze. Picha yangu itawekwa kwenye bango la mapokezi na kwenye tovuti, na Jumamosi mbili kila mwezi nitakwenda kuzungumza mashuleni. Malipo hakuna, aliniambia ni heshima. Nisikufiche Mama, nilifurahi. Nilimtumia mume wangu ujumbe kabla hata sijarudi kwenye kiti changu.

Jioni ile ile nilifungua faili la mbwa mmoja mzee mwenye moyo uliotanuka. Niliwahi kumhudumia mara moja, miaka miwili nyuma. Siku ile mwenye mbwa alimwambia dada wa mapokezi, nami nasikia, kwamba yeye angemsubiri daktari halisi. Niliumia, nikaendelea na kazi, nikadhani yamekwisha. Kumbe juu ya faili kuna maandishi mekundu: "Mteja huyu apangiwe daktari mwingine." Kesho yake niliyatafuta maneno hayo kwenye kompyuta. Yamo katika mafaili manne. Yote manne ni ya watu niliowahi kuwahudumia mimi. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Mume wangu anasema nikubali, kwamba kazi za watu hazikosi maudhi, na cheo kitanisaidia mbele ya safari. Lakini kuna mambo mawili yananikosesha usingizi.

La kwanza ni muuguzi wetu mmoja, Mmarekani mweusi, mtu wa hapa hapa Columbus. Ana miaka kumi na moja hospitalini, na mshipa ambao sisi madaktari tumeshindwa kuupata, yeye huupata. Alitamani sana kusomea udaktari, akaogopa deni. Aliposikia habari za bango aliniambia, "Hongera. Ila babu yangu alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapa, na ilibidi mtu atoke Afrika ndipo wapate picha." Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Sijui kama ni wivu au nimemkosea.

La pili ni binti wa miaka 16 anayekuja kujitolea Jumamosi. Wazazi wake ni Wasomali. Mama yake aliishi Mombasa miaka mingi, na akimleta huniamkia kwa Kiswahili kizuri. Huyu mtoto anataka kuwa daktari wa wanyama, na anaweza. Wiki iliyopita nilikuwa nashona tumbo la paka jike niliyemfunga kizazi, yeye amesimama pembeni, akauliza, "Daktari, kuna mtu yeyote amewahi kukukataa?" Nikajibu, "Hapana. Wanyama hawachagui." Alinitazama, hakusema kitu. Mama, nilimdanganya mtoto wa watu.

Nikikubali, nitakuwa nawaita watoto waje mahali ambapo mimi mwenyewe nafichwa kwenye mafaili. Nikikataa, nitaonekana nimefunga mlango nyuma yangu. Nilimpigia baba. Akaniambia, "Mimi Kiteto nilikaa miezi mitano bila kuletewa ndama hata mmoja joshoni." Josho ndipo ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe. Akacheka, halafu mtandao ukakatika.

Nifanye nini?

Binti wa Bwana Mifugo, Ohio

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma jana usiku na nimeisoma tena leo asubuhi. Umeiandika kana kwamba swali ni moja, ukubali kamati au uikatae. Mimi naona maswali matatu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja: maandishi mekundu ambayo mtu aliyaweka bila kukuambia, kazi nzuri unayopewa bila malipo, na mtoto aliyekuuliza jambo la kweli akapewa jibu la kumtuliza. Yote yamekufika ndani ya wiki chache, ndiyo maana yanaonekana kama mzigo mmoja. Tuyafungue taratibu.

Kwanza nikuambie jambo ambalo huenda unalijua kwa juu juu, maana naona umejibebesha lawama isiyo yako. Kuwa peke yako kati ya tisa hakukutokea kwa bahati, wala si kwamba watoto weusi wa huko hawapendi wanyama. Takwimu za serikali ya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba karibu 9 kati ya kila madaktari 10 wa wanyama ni weupe, katika nchi ambayo weusi ni zaidi ya 12 katika kila watu 100. Wakati vyuo vya majimbo ya kusini vilipokuwa vimefungwa kwa weusi, Frederick Patterson, rais wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, ambaye naye alikuwa daktari wa mifugo, aliamua chuo chake kiwe na shule ya taaluma hiyo. Ilifunguliwa 1945. Mpaka leo inatajwa kuwa imewatoa zaidi ya asilimia 70 ya madaktari wa wanyama weusi wa Marekani. Fikiria nchi kubwa kiasi kile, na shule moja ya Alabama ndiyo imebeba sehemu kubwa ya kazi yote.

Kuna mmoja nataka umjue zaidi. Ulipokuwa Morogoro bila shaka mliotesha bakteria maabara ili kupima ni dawa ipi inawaua, na sahani mlizotumia ziliitwa Mueller-Hinton. Huyo Hinton ni Jane Hinton, mwanamke mweusi, aliyeshirikiana na John Howard Mueller wa Harvard kuutengeneza ule uji wa kuoteshea mwaka 1941. Baada ya hapo akaingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na 1949 akahitimu kuwa daktari wa wanyama. Mwaka huo huo Alfreda Johnson Webb alihitimu Tuskegee. Hao wawili ndio wanawake weusi wa kwanza kuipata shahada hiyo Marekani. Jina la Hinton ulilishika mikononi ukiwa msichana wa chuo, na huenda hakuna mwalimu aliyekuambia lilikuwa la nani. Mimi mwenyewe nilipolisoma nilikaa kimya kidogo.

Sasa tuje kwenye mafaili.

Unasema "nafichwa". Inawezekana. Lakini hujamuuliza yeyote, na hapo naomba tusimame. Yawezekana meneja aliyeyaandika aliamini anakukinga usitukanwe tena. Yawezekana alimkinga mteja na hela zake. Yawezekana ni dada wa mapokezi aliyeogopa kelele, akaandika, na meneja hajui mpaka leo. Kati ya mafaili manne, moja unajua sababu yake kwa masikio yako. Hayo matatu je? Mtu hukataa daktari kwa mambo mengi, mengine ya kipuuzi. Sisemi hivyo ili kukupunguzia uchungu. Nasema kwa sababu ukiingia ofisini na hoja nne na moja tu ndiyo unaijua vizuri, watakushika kwenye zile tatu na ile ya kweli itapotea.

Hata nia ikiwa njema, jambo lenyewe si dogo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza mwajiri wa Marekani kumbagua mfanyakazi kwa rangi, na kusema kwamba mteja ndiye aliyetaka hivyo hakumwokoi mwajiri. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya msaidizi wa wauguzi, mwanamke mweusi, katika nyumba ya wazee huko Indiana, jirani zenu. Waajiri wake walikuwa wanampangia kazi kwa kufuata matakwa ya wakazi wasiotaka kuhudumiwa na weusi. Mahakama ilisema hilo ni kosa. Mimi si mwanasheria, na ukitaka kwenda njia hiyo tafuta anayeijua Ohio. Ila nilitaka ujue kwamba ukiuliza "maneno haya yaliandikwa na nani, na kwa utaratibu gani?" hutakuwa unaomba hisani.

Kuuliza kuna hatari zake. Unaweza kuonekana mgomvi wiki ile ile uliyopewa heshima. Wenzako wanane wanaweza kukaa kimya, na kimya cha watu uliokula nao chakula cha mchana miaka saba kinauma kuliko maneno ya mwenye mbwa. Kutouliza nako kuna gharama, na umeshaanza kuilipa: sasa kila mteja asiporudi utajiuliza kama faili la tano limeandikwa. Ukiamua kuuliza, wengine hupenda kuanza kwa maandishi mafupi ya heshima, tarehe ikiwepo, nakala ukabaki nayo. Wengine huanza na mwenzao mmoja wanayemwamini, ili asiingie peke yake. Wewe ndiye unayewajua watu wa pale.

Kuhusu kamati, mume wako hajakosea kwamba cheo kinaweza kukusaidia. Nina shaka na neno moja tu alilotumia meneja. Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa mwaka ni siku 24. Hizo ni siku za familia yako, za kupumzika, za kusoma ikiwa siku moja ungetaka ubingwa. Je, wale wenzako wanane wangeombwa siku 24 kwa jina la heshima? Mara nyingi kazi ya kurekebisha upungufu humwangukia yule yule aliye peke yake, naye akichoka husemwa hakujitoa. Kwa hiyo kabla ya kukubali au kukataa, kuna nafasi ya katikati ambayo barua yako imeiruka: kuweka masharti. Kwamba saa hizo zihesabiwe kazi. Kwamba uongoze pamoja na mwenzako mweupe, ili isionekane ni shida ya weusi kujitatulia. Kwamba kamati iwe na fedha za kumlipa kijana anayejifunza, maana mwanafunzi anayejitolea bure ni yule ambaye kwao hawahitaji mshahara wake wa Jumamosi, na hapo tayari wengi wamechujwa kabla ya fomu ya chuo. Kwamba kuwe na utaratibu ulioandikwa wa nini kinafanyika mteja akimkataa daktari kwa rangi yake. Hilo la mwisho likikubaliwa, hadithi ya mafaili na hadithi ya bango zitakuwa zimekutana. Likikataliwa, utakuwa umejua kitu ambacho leo hukijui.

Lakini usijenge nyumba juu ya cheo hicho. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kuitumia rangi kama kigezo cha kudahili, na 2025 serikali ilifuta programu za aina hii katika ofisi zake. Baada ya hapo taasisi nyingi zimebadilisha majina ya kamati zao au zimezifunga kabisa. Yako inaweza kufa mwaka ujao, bango likashushwa. Ndiyo maana mimi ningeangalia sana vile vitakavyobaki kamati ikiondoka, kama mshahara wa kijana mmoja au karatasi ya utaratibu iliyosainiwa. Vilevile unaweza kukataa kamati nzima na bado ukaendelea na binti yako wa Jumamosi kwa miaka miwili. Kufanya hivyo si kufunga mlango, na atakayesema umeufunga hajui kilichokugharimu kuufungua.

Sasa muuguzi. Umeandika, "Sijui kama ni wivu au nimemkosea." Mbona umempa nafasi mbili tu? Inawezekana alisema kweli, na kweli hiyo haikukulenga wewe. Weusi waliozaliwa pale wamezuiwa kwa vizazi, na mara nyingine ni rahisi kwa kampuni kumweka mbele mgeni mwenye shahada yake tayari kuliko kuuliza kwa nini mwenyeji aliyekaa nao miaka kumi na moja hakuweza kusoma. Wengi humaliza shahada hiyo huko wakidaiwa zaidi ya dola laki moja. Wewe ulibeba mzigo mzito, nimesoma habari za mablanketi na mashine za usingizi. Mzigo wake ni mwingine. Picha yako ukutani inaweza kuwa haki yako kabisa na bado ikamuuma yeye.

Hamjazungumza tangu siku ile. Sikuagizi ukaombe radhi, kwani sioni kosa lako. Najiuliza tu ingekuwaje kama ungemwendea na kumwambia habari za mafaili manne, yeye kabla ya meneja. Ana miaka minne zaidi yako pale. Huenda anajua ni nani huandika kwa rangi nyekundu. Huenda pia ana maoni kuhusu kamati, na sijaona mahali popote katika barua yako palipoandikwa kwamba kuna aliyemuuliza. Kuna hatari kwamba atakujibu kwa ukali, au jambo litasambaa kabla hujawa tayari. Pima.

Nimemwacha binti mwisho kwa sababu ndiye aliyekutoa machozi, ingawa hukuandika hivyo.

Ulimwambia hapana, na najua kwa nini. Mikono yako ilikuwa ndani ya tumbo la paka, na mbele yako amesimama mtoto ambaye hutaki aumie. Mzazi yeyote angeteleza hapo. Lakini angalia alivyouliza. Mtoto wa miaka 16, mweusi, mzazi wake anavaa hijabu labda, amekulia Ohio, hakuuliza kwa sababu hajui. Nadhani ameshakataliwa mahali fulani, shuleni au dukani, na alitaka kujua kama mtu mzima anayemheshimu amewahi kupita hapo akabaki amesimama. Ulipomjibu vile, pengine alisikia kwamba wewe hayakukuta, kwa hiyo yaliyomkuta ni yake peke yake. Naweza kuwa nimekosea. Wewe uliona macho yake, mimi sikuyaona.

Bado una Jumamosi nyingine. Si lazima umpe yote. Habari za mafaili ni mzigo wa watu wazima, na hospitali hiyo ndiyo inayompa nafasi, hivyo ukimwaga kila kitu unaweza kumfukuza kwenye kazi anayoipenda. Lakini kati ya yote na hapana kuna nafasi. Unaweza kumrudia ukiwa umetulia, hakuna mgonjwa mezani, ukamwambia lile jibu halikuwa kamili. Ukamsimulia mara moja tu, ile ya mbwa mwenye moyo mkubwa, na ulichofanya nusu saa iliyofuata. Maana nusu saa iliyofuata ulimhudumia mgonjwa mwingine, sivyo? Hukuniandikia ni nani. Ningependa ukumbuke. Huenda ndiyo sehemu anayoihitaji zaidi. Na kama una muda, mtajie Jane Hinton. Atalikuta jina hilo siku moja kwenye sahani ya maabara.

Imebaki simu ya baba yako. Nimeirudia mara kadhaa sehemu ile, kwa sababu mzee alikupa kitu na mtandao ukakikata. Siyalinganishi ya kwake na yako. Yeye alikuwa nchini mwake, ametumwa na serikali, na wafugaji wa Kiteto walikuwa na sababu zao za kutomwamini mtu wa ofisi aliyekuja kuwaelekeza juu ya ng'ombe waliowafuga tangu babu zao. Lakini alikaa miezi mitano kando ya josho tupu, kila siku akiamka na kwenda. Wewe ulikuwa mtoto, ulimfuata likizo ambazo tayari kulikuwa na ndama wa kuhesabiwa kupe. Kwenu kukiwa asubuhi, Mpwapwa ni jioni na yupo nyumbani. Mpigie tena umuulize mwezi wa sita ilikuwaje, nani alileta ng'ombe wa kwanza, na kwa nini siku ile.

Kisha niandikie.

Mama Mshauri